Asilimia Tano Tu: Tumbaku, Ukali na Namba Zake

Kiswahili cha tumbaku kina kipimo kimoja cha zamani, nacho ni neno kali. Sigara kali, ugoro mkali, tumbaku kali. Hakuna mzee aliyewahi kuuliza miligramu. Unaweka kidogo mdomoni, au unavuta pafu moja, koo linakujibu. Aliyekohoa ameshapimiwa, na aliyetokwa machozi ameambiwa basi inatosha. Kipimo hicho kilifanya kazi vizazi na vizazi, na hakikuwa cha kijinga hata kidogo: nikotini yenyewe inawasha. Ikiwa nyingi, mwili unaisikia mlangoni, kabla haijaingia sebuleni.

Sasa vijana wetu wameshika kitu ambacho hakiwashi. Kina rangi ya pipi, kinanukia embe au mnanaa, na ubavuni kimeandikwa kwa herufi ndogo "5%" au "20 mg/ml". Koo halisemi kitu. Kilichobaki ni maandishi, na maandishi hayo, kama nitakavyoeleza, karibu kila mtu anayasoma vibaya. Kabla ya kuwalaumu vijana, hebu tuulize ilikuwaje ukali ukahama kutoka kooni kwenda kwenye lebo. Hii si mara ya kwanza lebo kupewa kazi hiyo.

Naandika nikiwa Mbesa, wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania. Watu wa Dar kila kitu cha huku wanakiita "Songea", hata ukiwaambia kwamba kutoka Tunduru mjini hadi Songea ni safari ya kilomita zaidi ya 250. Hatugombani nao. Kwa habari ya tumbaku, Tunduru na Songea ni shamba moja.

Historia yake hapa ni ndefu kuliko sigara. Padre Yohanna Abdallah, Myao wa misheni ya Kianglikana, aliandika historia ya watu wake kwa Chiyao, na kitabu kikachapishwa mwaka 1919. Anaeleza safari za Wayao kwenda pwani, kabla pembe za ndovu na watumwa havijaimeza biashara yote. Miongoni mwa vitu walivyobeba vichwani kwenda Kilwa ni majembe, ngozi na tumbaku. Walirudi na chumvi, nguo na shanga. Maana yake ni kwamba tumbaku, mmea wa Amerika ambao Wazungu hawakuujua kabla ya 1492, ilikuwa imeshafanywa mali ya huku, ikalimwa, ikakaushwa, ikasokotwa, na kuuzwa baharini na watu wasiomjua Columbus wala habari zake.

Tumbaku ile ililiwa zaidi kama ugoro au kwenye kiko. Na kwenye ugoro kuna ujuzi ambao wasomi wengi wanaupita bila kuuona. Sehemu nyingi za Tanzania, anayetengeneza ugoro hasagi jani peke yake. Anachanganya na magadi, au majivu. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa neno lile lile: ili uwe mkali. Mwanakemia atakueleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu. Nikotini ndani ya jani imefungwa na asidi; ukiweka magadi, ambayo ni adui wa asidi, nikotini inafunguliwa, inapenya haraka kwenye ngozi laini ya mdomo na pua, na inawasha zaidi. Bibi zetu walikuwa wanaongeza nguvu na kuongeza onyo kwa wakati mmoja. Kijiko kile kile cha magadi kilichoufanya ugoro ufike haraka kichwani, kilimfanya mtoto aliyeudokoa aliteme mbio. Lishike hilo la magadi, tutalirudia.

Serikali ya Waingereza ilipotaka zao la kodi kwa Songea, ilisukuma tumbaku. Mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, Wangoni wakiwa na tumbaku na Wamatengo wakiwa na kahawa. Tumbaku ya Songea ilikuwa, na bado inajulikana zaidi kuwa, tumbaku ya moshi. Majani yananing'inizwa ndani ya bani, moto wa kuni unawashwa chini sakafuni, na moshi wenyewe unapita kwenye jani mpaka linakuwa jeusi na zito. Tabora na Urambo wanalima ya mvuke: joto linaingia banini kwa mabomba, moshi hauligusi jani, na jani linatoka la njano kama dhahabu.

Tofauti hii ya mabani mawili inaeleza karne nzima ya uvutaji, ndiyo maana naikalia kidogo. Jani la mvuke linabaki na sukari nyingi. Likiungua, moshi wake una asidi kidogo, hauumi sana, na mtu anaweza kuuvuta mpaka ndani ya mapafu. Jani la moshi lina sukari kidogo na kwa kawaida nikotini nyingi. Moshi wake ni mzito, unagoma kooni, kwa hiyo watu waliutumia kwenye kiko bila kuumeza, au waliusaga ugoro. Mbinu ya mvuke ilipoenea Marekani katika karne ya 19, na mashine za kusokota sigara zikaja mwishoni mwa karne hiyo, ndipo moshi laini ulipoanza kufika mahali ambapo moshi mkali haukuwahi kufika. Mapafu ni uwanja mpana sana. Nikotini ikitua huko, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Watu wakadhani wamepata tumbaku nyepesi, kumbe wamepata njia ya mkato.

Wakulima wenyewe hawakuhitaji kuambiwa kwamba nguvu si moshi. Yeyote aliyechuma majani mabichi ya tumbaku asubuhi yakiwa na umande anajua kizunguzungu kile, kichefuchefu, na wengine kutapika, bila kuvuta hata pafu moja. Nikotini inapita kwenye ngozi. Watoto waliosaidia wazazi mashambani walilijua hilo kabla hawajajua kusoma. Jina "nikotini" lilitoka kwa Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon aliyepeleka tumbaku kwao miaka ya 1560, na Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga kutoka kwenye jani mwaka 1828 huko Heidelberg. Lakini kizunguzungu cha shambani hakikusubiri Heidelberg.

Sasa tuje kwenye lebo.

Miaka ya 1950 utafiti ulipothibitisha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, kampuni zilihitaji jibu. Jibu likawa kichungi, kisha sigara "laiti". Mwaka 1967 tume ya biashara ya Marekani ilianza kupima sigara kwa mashine: inavuta pafu la kiasi maalumu, inapumzika, inavuta tena, halafu inaandika kiasi cha lami na nikotini kilichonaswa. Namba hizo zikaingia kwenye matangazo. Mteja akaona sigara moja ina miligramu 1.2 za nikotini na nyingine ina 0.6, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akaamini ya pili ni nusu ya ya kwanza.

Lakini mashine haina kiu. Sigara laiti nyingi zilitobolewa vitundu vidogo kuzunguka kichungi, hewa ikaingia, moshi ukapungua, mashine ikaandika namba ndogo. Binadamu anashika sigara kwa vidole na midomo, pale pale penye vitundu. Tena mwili wake una deni la nikotini unalotaka lilipwe, kwa hiyo anavuta kwa nguvu zaidi, mara nyingi zaidi, au anawasha ya pili. Mwisho wa siku anapata karibu kile kile. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington aliamua kwamba kampuni za tumbaku zilijua hivyo na ziliwadanganya wavutaji kwa makusudi. Ulaya ilikuwa imeshapiga marufuku maneno kama "laiti" tangu 2003, Marekani ikafuata 2010. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unayataja maneno hayo kama mfano wa lebo ya udanganyifu. Miongozo yake ya 2008 ilikwenda mbali zaidi: ikashauri namba za lami na nikotini zisiwekwe kabisa kwenye pakiti, kwa sababu msomaji hawezi kuzisoma bila kudanganyika.

Huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa lebo. Ilifeli.

Mtihani wa pili huku kwetu ulikuwa shisha. Kuna wakati kila ukumbi wa Dar uliojiheshimu ulikuwa nayo, na hoja ya vijana ilikuwa moja: maji yanachuja. Pakiti nyingi za tumbaku yake zilisaidia hoja hiyo, maana ziliandikwa nikotini 0.5% na lami 0%. Hiyo sifuri ni kichekesho cha aina yake. Lami haimo kwenye tumbaku ambayo haijachomwa, inazaliwa na moto. Kuandika kwamba tumbaku mbichi ina lami sifuri ni sawa na kuandika kwenye gunia la mkaa kwamba lina moshi sifuri. Na 0.5% ya nini? Kichwa cha shisha kinabeba gramu 10 au zaidi. Nusu asilimia ya gramu 10 ni miligramu 50 za nikotini. Julai 2016 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipiga marufuku shisha, na mjadala ukahamia kwenye dawa za kulevya, maadili na kumbi za starehe. Namba ile ya 0.5% hakuna aliyeijadili. Nadhani tulipoteza nafasi nzuri ya somo la hesabu.

Vepu yenyewe ilianza kwa nia ambayo siidharau. Hon Lik, mfamasia wa China ambaye alikuwa mvutaji, alitengeneza sigara ya kielektroniki mwaka 2003. Betri inapasha moto kimiminika, mvuke unatoka, hakuna kinachoungua. Kwa mvutaji wa miaka mingi anayehamia huko moja kwa moja, kukwepa moshi ni nafuu ya kweli. Lakini vifaa vya mwanzo vilikuwa na tatizo la kibiashara. Nikotini yake ilikuwa huru, ile ile ya kwenye ugoro wenye magadi, na ukiiweka nyingi inachoma koo. Ukali ulikuwa bado unafanya kazi yake ya ulinzi.

Mwaka 2015 kampuni ya Juul ya Marekani ilitoa kifaa kidogo kama kalamu, na ndani yake ikafanya kinyume kabisa cha bibi. Badala ya magadi iliweka asidi, asidi ya benzoiki. Nikotini ikarudi kwenye umbo la chumvi, ikawa laini, ikavutika hata ikiwa nyingi sana. Kimsingi ni siri ya jani la njano la Tabora, imefikishwa mwisho wa barabara. Kwa mara ya kwanza mtu asiyewahi kuvuta aliweza kuanzia kwenye kiwango ambacho zamani kingemtapisha.

Na kwenye pakiti iliandikwa 5%.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Truth Initiative ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwauliza vijana wa miaka 15 hadi 24. Kati ya waliokuwa wakitumia Juul, asilimia 63 hawakujua kwamba kila Juul ina nikotini. Hawa ni watu wanaosoma Kiingereza kama lugha yao, pakiti iko mkononi, na kifaa wanakivuta. Tusishangae sana ya kwetu.

Nilikaa na vijana wawili kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda, mmoja karudi likizo kutoka chuo, ana kifaa chake mfukoni. Nikamwomba anisomee ubavuni. "Kaka, hii ni asilimia tano tu," akaniambia, na mwenzake akamalizia: "Si kama bia tu hiyo."

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu si la kipumbavu. Kijana wa Tanzania amefundishwa kusoma asilimia sehemu mbili. Ya kwanza ni shuleni, ambako tano kwa mia ni sifuri iliyovaa koti. Ya pili ni kwenye chupa: bia iko karibu na 5%, Konyagi iko 35%, na kila mtu anajua ipi inaangusha. Kwa kamusi hiyo, kitu cha 5% ni cha kuanzia. Hakuna aliyemwambia kwamba pombe inapimwa kwa ngazi moja na nikotini kwa ngazi nyingine kabisa. Kwenye kimiminika cha vepu 5% ni miligramu 50 hadi 59 kwa kila mililita, kutegemea kama asilimia imepigwa kwa ujazo au kwa uzito. Ulaya nzima imeweka kikomo cha miligramu 20, yaani 2%. Hiyo "bia" yake ingekamatwa Berlin kwa kuzidi mara mbili na nusu.

Kisha kuna mtego wa vipimo viwili. Weka vifaa viwili mezani, kimoja kimeandikwa 5%, kingine 20 mg/ml. Muulize mtu yeyote, hata mwalimu, kipi kikali. Ishirini ni kubwa kuliko tano, si ndiyo? Kumbe cha tano ndicho kikali mara mbili na zaidi. Sheria ya Ulaya ya 2014 ina kinaya chake hapa: iliondoa namba za nikotini kwenye pakiti za sigara kwa kuwa zinapotosha, na ikaamuru nikotini iandikwe kwenye vepu.

Hata ukijua kubadilisha vipimo, bado hujajua kitu muhimu kuliko vyote, ambacho ni ujazo. Kiasi na ukali si kitu kimoja. Nilipiga hesabu na yule kijana kwenye simu yake. Kifaa chake kilikuwa cha mililita 10. Mililita 10 mara miligramu 50 ni miligramu 500. Mvutaji wa sigara hupata miligramu moja hadi moja na nusu kwa kila sigara. Hata tukisema nusu nzima ya ile 500 inapotea hewani, zinabaki 250, na ukigawanya kwa moja na nusu unapata sigara zaidi ya 160. Pakiti nane. Ni hesabu ya kijiweni, si ya maabara, lakini ilitosha kumnyamazisha. Baadaye akauliza swali zuri kuliko langu: "Sasa mbona sijisikii?"

Sigara ina mwisho. Inaungua, inabaki kishungi, unakitupa, na siku unayotupa vishungi ishirini unajua mwenyewe umefanya nini. Vepu haina kishungi. Unavuta kitandani, darasani nyuma ya kiganja, kwenye daladala, mapafu mawili matatu halafu unarudisha mfukoni, na hakuna kinachobaki chini cha kuhesabu. Ndiyo maana "mbona sijisikii" ni swali la kutisha kidogo. Ubongo wa kijana unaendelea kujengwa hadi karibu miaka 25, na utegemezi unajengwa humo humo, kimya kimya. Atajisikia siku betri itakapokufa na kifaa kingine hakipo.

Hata ile 0% si ya kuitegemea. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima vichupa vilivyoandikwa kwamba havina nikotini, ikaikuta ndani ya karibu vyote.

Majirani zetu wamechukua njia tofauti. Uganda, kwa sheria yake ya 2015, ilikata mzizi: sigara za kielektroniki na shisha vyote marufuku. Kenya ilipata somo lake kupitia vifuko vya nikotini vya Lyft, bidhaa ya BAT, vinavyobandikwa chini ya mdomo. Kwa lugha ya huku ni ugoro uliooga na kuvaa suti. Vilisajiliwa kwa bodi ya dawa kana kwamba ni dawa, hadi Oktoba 2020 waziri wa afya Mutahi Kagwe aliposema usajili ule haukuwa halali, kwa kuwa ile ni bidhaa ya tumbaku na inapaswa kufuata sheria ya tumbaku. Vikarudi sokoni baadaye kwa jina la Velo, ambavyo ukali wake huonyeshwa kwa vidoti kwenye kopo. Vidoti! Kijana aliyekulia na simu anasoma vidoti kama mistari ya mtandao: vikiwa vingi ndiyo vizuri.

Tanzania sheria yetu ni ya 2003, mwaka ule ule Hon Lik alipokuwa bado anahangaika na betri zake. Iliandikwa kwa ajili ya jani, pakiti na moshi. Kuna ile sentensi ambayo kila Mtanzania anaijua kwa moyo, kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako, na kwa sentensi hiyo mwenye vepu anakujibu bila kutikisika kwamba yeye havuti sigara. Anasema kweli. Tangu 2021 udhibiti wa bidhaa za tumbaku uko mikononi mwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao kupima miligramu kwa mililita ndiyo kazi yao ya kila siku kwenye dawa nyingine. Ingekuwa amri yangu ningeanza na jambo dogo: asilimia zifutwe kwenye bidhaa hizi, iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka jumla ya nikotini iliyo ndani ya kifaa kizima, na chini yake ni sawa na sigara ngapi. Kampuni zitasema ulinganisho huo si sahihi kisayansi. Pengine si sahihi kabisa. Asilimia tano nayo ni sahihi kisayansi, na tumeona inasomwaje.

Kwenye soko la tumbaku, mkulima wa Ruvuma anafunga robota lake na mteuzi anapita akiligawa kwa madaraja: sehemu ya mmea lilipotoka jani, rangi yake, ubora wake, kila kimoja na alama yake. Mkulima asiyejua kusoma gazeti anazijua alama hizo, anazibishia, na anaweza kukuambia ni daraja gani amepunjwa. Amejifunza kwa sababu kila alama ni shilingi zake. Mjukuu wake wa chuo alirudisha kifaa mfukoni, akaniuliza kama mililita kumi ni nyingi au ndiyo saizi ya kawaida, kisha abiria akaita pikipiki.